Straika wa klabu 12

Tangu Lionel Messi atue Inter Miami katikati ya mwaka 2023, ligi ya Marekani imepata nafasi yake katika vijiwe vya soka vya Dar es Salaam, Nairobi na Kigali. Watu wasiojua Ohio iko upande gani wa ramani sasa wanajua Miami ilicheza na nani juzi. Si vibaya. Ila umaarufu huo umekuja na upofu wake: MLS inachukuliwa kuwa mahali pa nyota wa Ulaya kwenda kuchukua kiinua mgongo, huku wenyeji wakiwapisha njia.

Orodha ya wafungaji wa muda wote inasema mengine. Ligi hiyo ilianza kuchezwa mwaka 1996 ikiwa na timu 10, na tangu hapo wamepita Thierry Henry, David Villa, Wayne Rooney na Zlatan Ibrahimović. Hakuna hata mmoja wao aliye kileleni. Anayeongoza ni Chris Wondolowski, mabao 171, mtu ambaye mashabiki wengi wa Afrika Mashariki hawajawahi kulisikia jina lake, na waliolisikia wanamkumbuka kwa mpira mmoja alioupaisha. Anayemfuata ni Kei Kamara, mzaliwa wa Kenema, Sierra Leone, aliyeingia Marekani akiwa kijana mkimbizi.

Wawili hawa waliwahi kuvalia jezi chumba kimoja. Ilikuwa Houston Dynamo, 2008 na 2009, na hakuna kati yao aliyekuwa na uhakika wa namba. Juni 2009 Houston ikampeleka Wondolowski San Jose na kupewa mshambuliaji mwingine, Cam Weaver. Septemba ya mwaka huohuo ikamwachia Kamara aende Kansas City. Yaani ndani ya msimu mmoja klabu moja iliwafungulia mlango watu wawili ambao wangekuja kufunga mabao mengi kuliko wote katika historia ya ligi, na siku hizo hakuna shabiki aliyenuna.

Usidhani Houston ilikuwa klabu ya wasiojua mpira. Ilikuwa imetoka kutwaa ubingwa mara mbili mfululizo, 2006 na 2007. Tatizo ni kwamba straika hupimwa mapema mno, na kwa vipimo vinavyompendelea aliyefika akiwa na jina. Wondolowski na Kamara hawakuwa na jina. Wote walisoma katika vyuo vya serikali vya California vinavyocheza daraja la pili la michezo ya vyuo: mmoja Chico, kaskazini mwa jimbo, mwingine Dominguez Hills, nje kidogo ya Los Angeles, ambako uwanja wa LA Galaxy umejengwa ndani ya eneo la chuo. Kamara alikuwa anasoma hatua chache kutoka kwenye nyasi za matajiri.

Nchini Marekani njia ya kawaida ya kijana kuingia ligi kuu kwa miaka mingi ilikuwa chuo, kisha drafti, yaani siku ambayo klabu hukaa kwa zamu na kuchagua wahitimu. Hakuna kijana anayechagua klabu. Klabu ndiyo humchagua yeye. Kamara alichukuliwa na Columbus Crew mwaka 2006, wa 9 kwa jumla, nafasi ya heshima. Wondolowski, mwaka mmoja kabla, hakuitwa kabisa katika drafti kubwa. Aliitwa katika ile ya nyongeza, ya kuokoteza waliobaki, na hata humo alikuwa wa 41. Mkataba wake wa kwanza ulikuwa wa mchezaji wa kulelewa, mshahara wa chini ya dola 20,000 kwa mwaka, huko California, jimbo ambalo kodi ya chumba peke yake inaweza kuzimeza zote.

Miaka mitano ikapita. Mwisho wa msimu wa 2009 Wondolowski alikuwa na umri wa miaka 26 na mabao 7 ya ligi. Saba tu! Straika wa umri huo mwenye mabao saba, kwetu angekuwa ameshaambiwa arudi mtaani akacheze ndondo. Mwaka 2010, San Jose ikakosa mtu wa kusimama mbele, akapewa namba, akafunga 18 na kuondoka na kiatu cha mfungaji bora. Mwaka 2012 akafunga 27, akaifikia rekodi ya Roy Lassiter iliyokuwa imedumu tangu msimu wa kwanza wa ligi, na akachaguliwa mchezaji bora wa mwaka. Kuanzia 2010 hadi 2019 hakuwahi kumaliza msimu akiwa na mabao pungufu ya 10. Misimu kumi mfululizo.

Hakuwa na kasi ya kutisha, wala chenga. Mabao yake mengi yalikuwa ya kugusa mara moja ndani ya sita, mpira uliopanguliwa na kipa, krosi ambayo beki aliitazama nusu sekunde zaidi ya ilivyopasa. Ni aina ya straika ambaye video zake fupi za mtandaoni hazivutii mtu, na ndiyo maana wasaka vipaji humpita bila kugeuka.

Sasa tazama upande wa pili, wa waliopokewa kwa vigelegele. Miaka miwili mfululizo, 2009 na 2010, kijana aliyechaguliwa wa kwanza kabisa katika drafti ya MLS alikuwa mzaliwa wa Kinshasa. Wa kwanza ni Steve Zakuani, aliyekulia London, akasoma Akron, akachukuliwa na Seattle Sounders. Wa pili ni Danny Mwanga, aliyefika Portland, Oregon, na familia yake, akachukuliwa na Philadelphia Union akiwa na miaka 18.

Zakuani alifunga 10 msimu wa 2010 akicheza pembeni, na ilionekana wazi anakwenda mbali. Aprili 2011, dakika za mwanzo za mechi ugenini Colorado, Brian Mullan akamvamia na kumvunja mguu. Mullan alifungiwa mechi 10. Zakuani alikaa nje zaidi ya mwaka, akarudi 2012, lakini yule winga wa zamani hakurudi naye, na mwaka 2014 akatundika viatu.

Mwanga hakuvunjwa na mtu. Alifunga 7 msimu wake wa kwanza, si haba kwa kijana wa umri ule. Kisha mabao yakapungua, na mwaka 2012 akapelekwa Portland Timbers, mji wa nyumbani, jambo lililoonekana kama hadithi nzuri. Mwaka uliofuata alikuwa Colorado, klabu ya tatu ndani ya misimu minne, kabla hajatimiza miaka 23. Baada ya hapo ni ligi za chini na majaribio ya kurudi. Mwaka 2010, ule ule ambao Mwanga alipokewa kama mkombozi, kiatu cha dhahabu kilikwenda kwa mtu wa 41 katika drafti ya kuokoteza.

Hoja hapa haihusu bahati peke yake. Aliyechaguliwa wa kwanza hubeba matarajio ya klabu nzima tangu mechi ya kwanza, naye bado hajajua hata ratiba ya safari za ndege za saa tano. Aliyechaguliwa wa mwisho hupewa muda kwa sababu tu hakuna anayemfikiria. MLS haina kushuka daraja, kwa hiyo timu inayofanya vibaya haizami na kumwaga wachezaji wake. Inaweza kumbakiza mtu wa bei ndogo benchi kwa miaka minne bila hasara. Mfumo huo unalaumiwa sana na wapenda soka wa jadi, na wana haki kwa mengine, ila bila huo Wondolowski asingekuwepo.

Kamara ni habari nyingine, ndefu na yenye vumbi zaidi.

Vita vya Sierra Leone vilimtoa nyumbani akiwa mtoto. Alipitia Gambia kabla ya kuungana na mama yake Marekani mwaka 2000, na kufikia 2006 alikuwa katika ligi kuu. Hakudumu Columbus. San Jose ikamchukua, ikamwachia Houston, Houston ikamwachia Kansas City. Pale ndipo alipotulia, kwa muda, na kuanza kufunga kwa mazoea. Januari 2013 Norwich City ikamchukua kwa mkopo, na mwezi uliofuata akaingia kama mchezaji wa akiba dhidi ya Everton na kusawazisha kwa kichwa. Norwich ikashinda 2-1. Akaenda Middlesbrough, kisha akarudi Columbus, na mwaka 2015, akiwa na miaka 31, akafunga mabao 22 sawa na Sebastian Giovinco wa Toronto. Kiatu kikaenda kwa Giovinco kwa sababu ya pasi za mabao. Columbus ikafika fainali, Kamara akafunga, Portland ikashinda 2-1.

Miezi mitano baadaye alikuwa ameondolewa Columbus kwa sababu ya penalti.

Mei 2016, mechi dhidi ya Montréal. Kamara ameshafunga mawili, anataka la tatu. Penalti inapatikana, Federico Higuaín anaushika mpira na kuupiga mwenyewe. Bao. Wanabishana uwanjani, Montréal inarudi na mechi inaisha 4-4, na baada ya mchezo Kamara anamsema mwenzake mbele ya waandishi. Alikosea, jambo la chumba cha kubadilishia nguo halipelekwi kwenye kipaza sauti. Lakini adhabu yake iwafumbue macho wazazi na mawakala wa huku. Ndani ya siku chache mfungaji bora wa klabu alikuwa ameshapelekwa New England, mamia ya kilomita, na Columbus ikapokea fedha za mgao wa ligi pamoja na nafasi za kuchagua vijana katika drafti. Hakuna aliyemwuliza kama anataka kwenda.

Hili halieleweki vizuri kwetu, kwa hiyo linastahili maneno kidogo. Mchezaji wa Simba au Gor Mahia husaini na klabu, na klabu nyingine ikimtaka lazima naye akubali. MLS imejengwa kinyume: mchezaji husaini na ligi yenyewe. Klabu hushika haki za kumtumia, na haki hizo hubadilishana mikono kwa fedha za mgao, kwa nafasi ya mchezaji wa kigeni, kwa zamu ya kuchagua katika drafti ya mwaka ujao. Mke ana kazi, mtoto ana shule, nyumba ina mkataba wa pango. Simu inaita asubuhi, jioni uko jimbo lingine.

Desemba 2018 mambo yalifikia kiwango cha kuchekesha. FC Cincinnati ilikuwa inaingia ligini na ikaruhusiwa kuchagua wachezaji kutoka klabu nyingine. Ikamchagua Kamara, wakati huo wa Vancouver, aliyekuwa ametoka kufunga mabao yanayozidi kumi. Siku hiyohiyo ikamhamishia Colorado. Alikuwa mali ya Cincinnati kwa saa kadhaa bila kuiona jezi yake.

Wachezaji walipigania jambo hili. Chama chao kilikaribia kabisa kugoma mwaka 2015, na ndipo ligi ikakubali kwa mara ya kwanza kwamba mchezaji aliyemaliza mkataba anaweza kuwa huru kuchagua klabu. Masharti yalikuwa magumu: awe ametimiza miaka 28 na misimu minane ya ligi. Mazungumzo ya 2020 yakayashusha hadi miaka 24 na misimu mitano. Chama hichohicho huchapisha mishahara ya wachezaji wote hadharani, kila mwaka, jina kwa jina, kuanzia Messi aliyeandikiwa dola milioni 20.4 mwaka 2023 hadi kijana wa mwisho wa kikosi. Kima cha chini kwa vijana wa akiba mwaka 2025 kilifika dola 80,622, na kwa wachezaji wakubwa dola 104,000. Linganisha na Wondolowski wa 2005. Vyama vya wachezaji vya Afrika Mashariki, ambako mtu anaweza kudai mshahara wa miezi mitano na bado akaambiwa avumilie, vingepata kazi nzuri ya kujifunza hapo, kuliko kungoja semina nyingine ya FIFA.

Kamara akaendelea kuzunguka: Colorado, Minnesota, kisha Ufini kwa muda mfupi, Montréal, Chicago. Mwaka 2024 LAFC ikamchukua akiwa na miaka 39, akampita Landon Donovan mwenye mabao 145, na Septemba akaingia katika fainali ya Kombe la Wazi la Marekani na kufunga katika muda wa nyongeza, LAFC ikaifunga Sporting Kansas City 3-1. Kansas City, klabu yake ya zamani. Ingawa kwa Kamara ni vigumu kupata klabu isiyo ya zamani. Mwaka uliofuata akasaini klabu yake ya 12 ya MLS. Nayo ilikuwa FC Cincinnati, ile iliyommiliki kwa saa kadhaa.

Kuna watu wanaoona orodha hiyo ya klabu kama ushahidi kwamba hakuwa mzuri vya kutosha kubakizwa. Hesabu inawakataa. Klabu haimchukui mtu wa miaka 40 kwa huruma. Humchukua kwa sababu kichwa chake bado kinafika kwenye krosi, na kwa sababu anafahamika kuwa mtu anayeweza kuingia dakika ya 75 bila kuulizwa yuko tayari au la. Kazi hiyo haina mabango. Ndiyo kazi ya washambuliaji wengi wa kulipwa duniani.

Na wote wawili, Wondolowski na Kamara, wana ule mpira mmoja. Wa Wondolowski ulikuja Salvador, Brazil, Julai 2014, dakika ya 92 dhidi ya Ubelgiji, 0-0, mpira umemdondokea hatua chache kutoka langoni. Akaupaisha. Ubelgiji ikashinda 2-1 katika muda wa nyongeza, naye akaomba radhi hadharani. Wa Kamara ulikuja Limbe, Kameruni, Januari 2022. Sierra Leone ilikuwa imetoka sare na Algeria na Ivory Coast, ikahitaji sare tu na Guinea ya Ikweta iendelee katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Iko nyuma 1-0, penalti inapatikana dakika za mwisho, Kamara anapiga, kipa Jesús Owono anapatia mwelekeo na kuuokoa. Mwisho wa safari.

Mwandishi wa habari za michezo anapenda mpira wa namna hiyo, maana unaandikika. Lakini kumpima straika kwa huo ni uvivu. Mei 2019 Wondolowski, miaka 36, ambaye kocha mpya alikuwa amemweka benchi na hakuwa na bao lolote msimu ule, alianzishwa dhidi ya Chicago Fire akihitaji mabao mawili kumpita Donovan. Akafunga manne. Alistaafu 2021, na katika mechi yake ya mwisho, dhidi ya FC Dallas, akafunga tena.

FC Dallas hiyo ndiyo klabu iliyomwibua kijana anayetuhusu moja kwa moja. Bernard Kamungo alizaliwa 2002 na kukulia kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, mtoto wa wazazi waliokimbia Kongo. Mwaka 2016 familia ikahamishiwa Abilene, Texas. Akafika na Kiswahili, bila Kiingereza. Soka ya vijana ya Marekani ni ya kulipia, maelfu ya dola kwa mwaka katika akademia nyingi, kwa hiyo mtoto wa familia kama yake huchezea shule na kubaki huko. Kilichomtoa ni kaka yake, aliyelipa dola 90 za ada ya majaribio ya wazi ya North Texas SC, timu ya akiba ya Dallas. Akasajiliwa 2021, mwaka uliofuata akapandishwa timu kubwa. Agosti 2023, Messi alipokwenda Texas katika Leagues Cup, Kamungo alifunga katika sare ya 4-4 ambayo Miami iliitoa Dallas kwa penalti. Januari 2024 akaichezea Marekani kwa mara ya kwanza, dhidi ya Slovenia.

Hapo wengi Tanzania wakauliza: kwa nini hakuvaa jezi ya Taifa Stars? Swali linaeleweka, ingawa ni la kuchelewa. Hakuna skauti aliyelipia dola 90 kutoka Dar es Salaam. Swali lenye faida zaidi ni nini kinafuata kwake. Handwalla Bwana, mzaliwa wa Mombasa aliyepitia kambi ya Kakuma, alisainiwa na Seattle Sounders mwaka 2018 kwa shangwe, na 2020 akapelekwa Nashville. Naye alikuwa kipaji kisichobishaniwa. Jina lake limepotea haraka katika kurasa za michezo za Kenya, kama ambavyo la Kamungo hupotea kila anapokaa mechi tano bila bao.

Kurasa hizohizo zina nafasi ya kila goli la Messi. Zingeweza pia kumfuata winga wa Nyarugusu anapoanzishwa, anapowekwa benchi, anapoumia, na zaidi ya yote anapokaribia kutimiza masharti ya umri na misimu yatakayompa haki ya kuchagua klabu mwenyewe mkataba ukiisha, bila kungoja simu ya asubuhi.